Handaki la WireGuard kwenye seva yenye makontena: liwekwe wapi, na kwa nini SSH ilikatika

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni fundi wa mifumo wa SACCOS moja hapa Moshi. Tunakodi seva Ujerumani, Ubuntu 22.04, yenye makontena ya Docker (visanduku vinavyotenganisha programu kwenye seva moja): tovuti yetu, tovuti za wateja wangu wawili wa binafsi, na mfumo wa ripoti. Huo wa ripoti unatakiwa usome hifadhidata ya PostgreSQL iliyoko makao makuu, 192.168.40.10, nyuma ya ruta ya MikroTik. Jamaa wa ruta alinitumia kwa WhatsApp faili la WireGuard, yaani VPN: handaki la siri la kuunganisha seva na ofisi kupitia intaneti. Nilipoandika wg-quick up wg0 kwenye seva, SSH (njia ninayoingilia kwenye seva nikiwa mbali) ikaganda papo hapo, ikabidi niizime na kuiwasha seva kwenye ukurasa wa kampuni inayoikodisha. Nikahamia ndani ya kontena la ripoti: kwanza likanijibu Operation not permitted, nikaweka privileged, likakubali. Sasa maswali madogo kwa hifadhidata yanajibiwa, ila ripoti ya mwezi inakwama bila kuonyesha kosa lolote. Tena tawi letu la Same lina Raspberry Pi, kompyuta ndogo, kwenye laini ya simu, nayo ina handaki lake. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine handaki halirudi hadi upite muda mrefu. Handaki niliweke wapi, na nakosea wapi?

Jibu:

Ndugu yangu, kusakinisha kwenyewe hukukosea. WireGuard imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na Ubuntu yako inakuja nayo. Ulichoongeza wewe ni zana mbili, wg na wg-quick, nazo zilifanya kile hasa faili lilichoziambia. Tatizo ni faili. Lilitengenezwa kwa ajili ya laptopu ya mtu anayefanya kazi akiwa nyumbani, kisha likapewa seva.

Lifungue, utakuta mstari huu:

```
AllowedIPs = 0.0.0.0/0
```

Mstari huo una kazi mbili, na wengi tunajifunza ya kwanza tu. Kwa pakiti zinazotoka, ni orodha ya anwani zinazopaswa kupita kwenye handaki. Wg-quick huisoma na kuandika njia hizo kwenye mashine. Kwa pakiti zinazoingia, ni orodha ya anwani za mtumaji zinazokubalika kutoka kwa mwenzako wa upande wa pili. Na 0.0.0.0/0 maana yake ni anwani zote za IPv4 duniani.

Sasa tazama kilichotokea. Ulikuwa umeingia kwa SSH kupitia anwani ya hadharani ya seva, tuseme 203.0.113.7 (hii na nyingine za aina hii hapa chini ni anwani zilizotengwa kwa mifano, usizinakili). Ulipowasha handaki, herufi ulizoendelea kuandika zilifika Ujerumani vizuri kabisa. Majibu ndiyo yaliyopotea. Kerneli iliangalia njia mpya, ikaona kila kitu kinapita wg0, yaani handaki, ikayafunga majibu ya SSH na kuyatuma makao makuu. MikroTik ikayafungua, ikakuta mtumaji ni 203.0.113.7, wakati yeye anakufahamu kwa anwani ya handaki tu, tuseme 10.77.0.5. Ikayatupa, bila kumwambia yeyote. Hiyo ni kazi ya pili ya AllowedIPs, ikitendeka upande wa ruta.

Kwa hiyo kabla ya kugusa seva tena, chukua karatasi uandike: pakiti zipi zipite handakini, zinatoka kwa nani, zinakwenda wapi. Kwako jibu ni fupi: zinatoka kwenye mfumo wa ripoti peke yake, zinakwenda 192.168.40.10 peke yake, poti 5432. Hakuna kingine chochote cha seva hiyo kinachohitaji kuonana na ofisi. Faili linalofuata maelezo hayo ni hili:

```
[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wa siri uliozaliwa kwenye seva)
Address = 10.77.0.5/32
MTU = 1380

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa umma wa MikroTik)
Endpoint = 198.51.100.20:51820
AllowedIPs = 192.168.40.10/32
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa DNS uliokuwamo nimeufuta makusudi. Kwenye laptopu una maana yake. Kwenye seva unaifanya ruta ya ofisi kuwa mtafsiri wa majina ya kila kitu, na siku ofisi ikikosa umeme tovuti za wateja wako zitashindwa hata kupata anwani ya huduma ya barua pepe. Kama Address ilikuwa na anwani ya IPv6 pia na hamuitumii, iondoe: kwenye kontena lisilo na IPv6 wg-quick itafia kwenye mstari huo.

Nizungumzie ufunguo, maana hapa sitaki tupite haraka. Ufunguo wa siri uliopita WhatsApp si siri tena: uko kwenye simu yake, kwenye simu yako, na pengine kwenye nakala za akiba za simu zote mbili. Uzalishe mpya kwenye seva yenyewe:

```
umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > umma.key
```

Umpelekee mtu wa ruta ule wa umma tu. Huo hata ukiubandika kwenye ubao wa matangazo hauna madhara. Aondoe ule wa zamani kwenye MikroTik, asiubakize kama akiba.

Kuna sababu nyingine ya kuuondoa. Ulianza na handaki kwenye seva, halafu ukatumia faili lilelile kwenye kontena. Kama uliwahi kuandika systemctl enable wg-quick@wg0, kila seva inapowaka unakuwa na mashine mbili zenye ufunguo mmoja. WireGuard humtambua mtu kwa ufunguo, na anwani yake ni ile aliyotumia mara ya mwisho kutuma pakiti halali. Mbili zikitumia ufunguo mmoja zitanyang'anyana: sekunde hii majibu yanakwenda kwa huyu, sekunde ijayo kwa yule. Mtu anaweza kukaa siku mbili akilaumu mtandao wa ofisi. Mashine moja, ufunguo mmoja, na anwani yake moja ya handaki.

Sasa swali lako kubwa: kwenye seva, au kwenye kontena?

Njia rahisi ni kwenye seva, na kwa faili lililobanwa kama hilo la juu haitakukatia SSH tena. Wengi hawajui kwamba makontena yote yatapata handaki hilo bila kusakinisha chochote ndani yake. Docker hujenga daraja lake, na kila pakiti ya kontena inayotoka nje ya daraja hupewa anwani ya kiolesura (mlango wa mtandao) inachotokea. Pakiti ya kontena ikielekea 192.168.40.10, seva inaona njia ni wg0, Docker inaivisha 10.77.0.5, inakwenda. Kwa mtu mwenye mfumo mmoja tu kwenye seva yake, namshauri aishie hapo.

Kwako sikushauri hivyo, kwa sababu ya neno moja ulilolitaja kwa kupita tu: wateja wawili wa binafsi. Yaani kuna tovuti zisizo za SACCOS zinazokaa kwenye seva hiyohiyo. Handaki likiwa la seva nzima, siku mtu akidukua tovuti ya mteja wako mmoja kupitia programu-jalizi iliyopitwa na wakati, atakuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye hifadhidata ya wanachama wenu. Wanachama hao hawajui kama tovuti hiyo ipo. Kwa hiyo handaki liwe kwenye kontena. Ila lisiwe ndani ya kontena la ripoti kama ulivyofanya. Liwe kwenye kontena lake peke yake, na la ripoti lipange humo.

Nieleze maana ya kupanga. Kila kontena lina chumba chake cha mtandao: violesura vyake, njia zake, poti zake. Docker inaruhusu kontena la pili lisijengewe chumba, likaingia kwenye cha jirani. Yale mawili yanaona wg0 ileile na njia zilezile, lakini mafaili na programu zao zimetengana. Kontena la handaki linapewa uwezo wa kubadili mtandao. La ripoti halipewi uwezo wowote wa ziada. Ulipoweka kila kitu kwenye kontena moja lenye privileged, uliupa mfumo wa ripoti, ambao unapokea maombi kutoka kwenye intaneti, ruhusa ya kugusa vifaa vya seva yenyewe. Hiyo privileged iondoe leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Ule ujumbe wa Operation not permitted ulikuwa unadai kitu kimoja tu, NET_ADMIN, ule uwezo wa kubadili mtandao. Kontena halina kerneli yake, linatumia ya seva, kwa hiyo WireGuard yenyewe tayari ipo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuunda kiolesura. Ungepata ujumbe wa Not supported, hapo ndipo ungejua kerneli ya seva haina WireGuard, jambo linalotokea kwenye seva za bei ya chini za OpenVZ, ambako unagawana kerneli na wapangaji wengine na huruhusiwi kuongeza kitu. Huko hutumika wireguard-go, inayokwenda polepole zaidi na kuhitaji kifaa /dev/net/tun.

Faili la kujenga kontena la handaki ni fupi:

```
FROM alpine:3.20
RUN apk add --no-cache wireguard-tools iproute2
```

Na faili la compose, linaloiambia Docker namna ya kuwasha makontena yote mawili:

```
services:
  handaki:
    build: ./handaki
    cap_add:
      - NET_ADMIN
    init: true
    restart: unless-stopped
    volumes:
      - ./wg0.conf:/etc/wireguard/wg0.conf:ro
    ports:
      - "127.0.0.1:8080:8080"
    command: sh -c "wg-quick up wg0 && exec sleep infinity"
    healthcheck:
      test: ["CMD", "ping", "-c", "1", "-W", "3", "192.168.40.10"]
      interval: 30s

  ripoti:
    image: ripoti:sasa
    restart: unless-stopped
    network_mode: "service:handaki"
    depends_on:
      handaki:
        condition: service_healthy
```

Kuna miongozo mingi inayokutaka uongeze sysctl (mpangilio wa kerneli) ya src_valid_mark na iptables (kanuni za kuchuja pakiti) ndani ya kontena. Hizo wg-quick huzihitaji pale tu AllowedIPs inapokuwa 0.0.0.0/0, kwa sababu inabidi iweke alama kwenye pakiti zake yenyewe zisijizungushe ndani ya handaki. Wewe umebana njia, kwa hiyo huzihitaji.

Tazama poti 8080 ilipo. Mfumo wa ripoti ndio unaoisikiliza, lakini imetangazwa kwenye handaki, kwa kuwa chumba ni cha handaki. Ukiiandika chini ya ripoti, Docker itakataa. Vilevile nginx yako inayopokea wageni wa tovuti, kama iko kwenye mtandao uleule wa compose, iambie http://handaki:8080. Jina ripoti halipo tena kwenye mtandao. Na ile 127.0.0.1 usiifute. Docker inapotangaza poti huandika kanuni zake zenyewe, na pakiti hupita bila kufika kwenye kanuni za ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu. Nimekuta watu wenye ufw inayosema poti imefungwa, na dunia nzima inaingia.

Tabia ya mpangilio huu inayosumbua ni moja, na itakupata. Kontena la handaki likizimika na kuwaka, chumba chake cha zamani kimekufa na jipya limejengewa kingine. La ripoti linabaki limekaa kwenye kile cha zamani, halioni ofisi wala intaneti, na docker ps bado inasema liko hai. Ukiwasha upya handaki, washa upya na ripoti. Ukijenga handaki upya kabisa, kuwasha tu hakutoshi, sababu ripoti inakumbuka kitambulisho cha kontena lililofutwa. Tumia docker compose up -d --force-recreate ripoti. Iandike kwenye karatasi ya utaratibu wenu, kwa ajili ya atakayekuwa zamu siku haupo.

Tuje kwenye ripoti inayokwama. Maelezo yako, madogo yanapita na makubwa yanakwama kimya, karibu kila mara ni ukubwa wa pakiti, ule unaowekewa kikomo na mstari wa MTU. Handaki huongeza baiti 60 juu ya kila pakiti inaposafiri kwa IPv4: 20 za IP, 8 za UDP, 32 za WireGuard yenyewe. Kwa IPv6 ni 80, ndiyo maana wg-quick hutoa 80 kwenye 1500 na kuchagua 1420. Pakiti ya 1420 ikishavikwa kwa IPv4 inakuwa 1480. Laini ya PPPoE, ambayo hupitisha hadi 1492, ingeimeza. Lakini laini nyingi za ofisi zetu zinakuja kwa mnara, na mtoa huduma naye anafunga pakiti zenu ndani ya pakiti zake kabla hazijafika kwake. Nafasi inayobaki inaweza kuwa chini ya 1480. Hapo pakiti inakatwa vipande njiani, na vifaa vingi vya njiani hutupa vipande. Swali dogo linaingia kwenye pakiti moja ndogo, linapita. Ripoti ya mwezi inajaza pakiti hadi pomoni, ya kwanza tu inapotea, inatumwa tena kwa ukubwa uleule, inapotea tena.

Usikisie, pima. Rudisha MTU kuwa 1420 kwa muda, ukiwa ndani ya kontena la handaki. Ping ya Alpine ni ndogo mno kwa kazi hii, ongeza iputils kwanza.

```
ping -M do -s 1392 192.168.40.10
ping -M do -s 1352 192.168.40.10
```

Namba hizo ukijumlisha 28 za vichwa unapata 1420 na 1380. Kama ya kwanza haijibu na ya pili inajibu, umeshampata mwizi. Shuka kwa kumi kumi kama hata 1352 haijibu, na ile kubwa kabisa inayojibu, ongeza 28, ndiyo MTU yako.

Hapa mpangilio wa kupanga chumba kimoja unakulipa tena. Kompyuta mbili zinapoanza mazungumzo ya TCP, kila moja humtajia mwenzake ukubwa wa kipande inachoweza kupokea, na hutaja kwa kutazama kiolesura chake. Ripoti ikiwa chumba kimoja na wg0, inataja kulingana na 1380, na hifadhidata ya Moshi inaheshimu. Umerekebisha pande zote mbili bila kugusa MikroTik. Ungeweka handaki kwenye seva, kontena la ripoti lingeona kiolesura chake cha 1500 na kutaja ukubwa huo, na ungelazimika kuongeza kanuni ya iptables ya kupunguza MSS, yaani huo ukubwa wa kipande unaotajwa. Wanaosema handaki la kwenye seva linakwama kwa makontena tu, huku seva yenyewe ikifanya kazi, wengi wao wako hapo.

Upande wa makao makuu kuna mambo ambayo AllowedIPs haiwezi kukufanyia, kwa sababu haijui poti. Mtu wa ruta aruhusu 10.77.0.5 kwenda 192.168.40.10 poti 5432, pamoja na ping ya kupimia, na kila kingine kutoka kwenye handaki akikatae. Kwenye PostgreSQL mtengenezee mfumo wa ripoti mtumiaji wa kusoma tu, na mstari mmoja kwenye pg_hba.conf, faili la wanaoruhusiwa kuingia:

```
hostssl  wanachama  msomaji_ripoti  10.77.0.5/32  scram-sha-256
```

Hakikisha pia lango la seva ya hifadhidata ni hiyo MikroTik. Ofisi nyingi zina laini mbili na ruta mbili. Maswali yakiingia kwa ruta hii na majibu yakatokea kwa ile, utaona handaki liko hai, ping haijibu, na hakuna logi yoyote itakayokueleza.

Kimya ni tabia ya WireGuard yenyewe. Haijibu pakiti ambayo haijathibitisha ufunguo wake, kwa hiyo ufunguo uliokosewa herufi moja, poti iliyofungwa na ruta iliyozimwa vyote vinaonekana sawasawa. Na wg0 kuwa juu hakusemi lolote, maana inakuwa juu hata kama upande wa pili haupo kabisa. Kipimo ni wg show, mstari wa latest handshake. Mazungumzo yakiendelea, pande mbili hupeana mkono upya kila dakika mbili hivi. Ukiona imepita dakika tatu na wewe una PersistentKeepalive, handaki limekufa. Kama mstari huo haupo kabisa, hamjawahi kupeana mkono hata mara moja: angalia funguo, Endpoint, na kama poti 51820 ya UDP imefunguliwa kwenye MikroTik. Watu hufungua ya TCP.

Kitu kingine kuhusu Endpoint: ukiweka jina badala ya namba, linatafsiriwa mara moja tu wakati wa kuwasha. Ofisi ikibadilishiwa anwani na mtoa huduma, kontena litaendelea kupiga hodi kwenye nyumba ya zamani hadi uliwashe upya. Kama mna anwani ya kudumu, tumia namba.

Raspberry Pi ya Same sasa. Nadhani kinachoiumiza ni saa. Katika kupeana mkono, WireGuard hutia muhuri wa wakati ili mtu asiweze kunasa pakiti ya zamani na kuirudia. Upande wa pili hukataa muhuri ambao si mpya kuliko wa mwisho iliouona. Raspberry Pi za kawaida hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika, ikiwaka inarudia saa iliyohifadhi mara ya mwisho, ambayo iko nyuma. Inaomba handaki kwa muhuri wa zamani, MikroTik inakataa kimya, mpaka saa itakaporekebishwa kwa mtandao. Na kama Pi nayo ilipewa faili la 0.0.0.0/0, basi imenasa kabisa: inahitaji intaneti ili ipate saa, intaneti yote imeelekezwa handakini, na handaki linangoja saa. Siku handaki linaporudi lenyewe ni pale saa yake mbovu inapotambaa hadi kuupita ule muhuri wa mwisho. Huo ndio muda mrefu unaousema.

Bana AllowedIPs za Pi pia, halafu uifanye ingoje saa:

```
sudo systemctl enable systemd-time-wait-sync
sudo systemctl edit wg-quick@wg0
```

Kwenye ukurasa utakaofunguka andika:

```
[Unit]
Wants=time-sync.target
After=time-sync.target
```

PersistentKeepalive ya 25 kwa Same si ya hiari. Laini nyingi za simu zinakuweka nyuma ya anwani ya pamoja na maelfu ya wateja wengine. Angalia, pengine ruta yake ina anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127, safu iliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Usipotuma kitu kwa muda, mtoa huduma anasahau kwamba uliwahi kutoka, na makao makuu hayawezi kukufikia mpaka wewe uanze.

Kabla ya kujaribu lolote kwenye seva ya Ujerumani tena, jiwekee kamba ya kujivutia. Nimewahi kufungiwa nje ya seva ya mbali usiku wa Ijumaa, na huduma ya watu ikalala hadi asubuhi mtu alipofika kuiwasha; tangu hapo siandiki amri ya mtandao kwenye seva ya mbali bila hii kutangulia:

```
sudo systemd-run --on-active=5min /usr/bin/wg-quick down wg0
```

Baada ya dakika tano handaki linashuka lenyewe, uwe umefungiwa au hujafungiwa. Ukiona mambo yako sawa, fungua SSH ya pili kwanza, uone inaingia, ndipo uisimamishe kazi hiyo. Na usiandike systemctl enable mpaka umemaliza majaribio, ili kuzima na kuwasha seva kuwe bado ni njia ya kurudi. Ikitokea siku moja unalazimika kupitisha kila kitu cha seva kwenye handaki, ongeza hizi chini ya Interface ili majibu ya SSH yaendelee kutoka kwa njia yake ya asili:

```
PostUp = ip rule add from 203.0.113.7 table main priority 100
PreDown = ip rule del from 203.0.113.7 table main priority 100
```

Jambo la mwisho si la ufundi lakini ninyi ni taasisi ya fedha, kwa hiyo msiliache. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP inayotumika, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Handaki lenu la ofisi ni VPN halali ya kazi. Mwambie meneja aulize kama taarifa za SACCOS zilishapelekwa, na kama hazijapelekwa, anwani mtakayoiandika ni ya makao makuu na hiyo ya Ujerumani. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yenye masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mfumo wa ripoti ukisoma majina na salio za wanachama kutoka Moshi na kuzihifadhi Ujerumani, huko ni kusafirisha, hata kama zimepita kwenye handaki. Mimi ningemwomba msimamizi wa hifadhidata atengeneze view (majedwali ya kutazama tu) zenye jumla tu, mikopo kwa tawi na marejesho kwa mwezi, na yule msomaji_ripoti asione jedwali la wanachama kabisa.

Fanya kazi kwa mpangilio huu: ufunguo mpya kwanza, faili lililobanwa, kontena la handaki peke yake hadi ping ijibu, kipimo cha MTU, ndipo uunganishe ripoti. Ukikwama, nitumie matokeo ya wg show na ip route get 192.168.40.10 ukiwa ndani ya kontena. Ile wg show huficha ufunguo wa siri yenyewe, ila wg showconf haifichi, kwa hiyo hiyo usiitume kwa mtu yeyote.